Upande wa Mlangoni

Harufu ya ukumbi ule wa michezo ningeitambua hata leo nikifungwa kitambaa machoni: dawa ya kusugulia sakafu, soli za raba zilizopata moto, jasho la wasichana, na chipsi zenye siki ambazo mtu fulani alizila juzi akaacha karatasi nyuma ya viti. Ulikuwa ukumbi wa chuo kidogo cha Thornton Heath, kusini mwa London, chuo chenye wanafunzi wachache na paa linalovuja, na timu yake ya wasichana ya mpira wa kikapu ilikuwa, tuseme ukweli, mbovu. Ilicheza ligi ya vyuo vidogo, kanda ya kusini, ambako kila timu ilikutana na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, tangu majani yaanze kupukutika hadi baridi ianze kulegea. Dada yangu Zuhura alikuwa mchezaji wa timu hiyo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikuweza kudunda mpira mara tatu bila kunitoroka, na msimu ule sikukosa mechi hata moja.

Aliyeupenda mchezo huo nyumbani kwetu alikuwa Baba. Alikuwa dereva wa basi la ghorofa, na siku za mechi alibembeleza wenzake wabadilishane zamu ili apate kwenda. Katika kila ukumbi, uwe wetu au wa watu, alikaa upande wa mlangoni, kiti cha mbele, chupa ya chai ya tangawizi miguuni, koti lake zito la kijivu hajalivua, kwa sababu mechi ikiisha alitaka awe wa kwanza kutoka akapashe gari moto. Hakuwa mtu wa makelele. Zuhura akifunga, alimgeukia, na Baba aliinua kifuniko cha chupa juu kama anayemkaribisha chai. Basi msimu ulipokuwa ndio kwanza unaanza, Jumapili moja asubuhi, Baba alianguka jikoni akisubiri maziwa yachemke, na hakuinuka tena. Tulimzika huku huku London, katika udongo mzito uliojaa maji, na watu walipokwisha kula na kutupa pole walirudi makwao, tukabaki watatu.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na mambo ya dini hakuyafanyia mzaha. Alikaa eda kama alivyowaona mama yake na shangazi zake wakikaa: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe zisizo na urembo, bila wanja wala manukato, wala kutoka nje ila kwa haja ya lazima. Kwao Tanga mjane akikaa eda nyumba hujaa wanawake, wanapika, wanasimulia, wanalala naye. Sisi tulikuwa ghorofa ya tatu, jirani zetu tuliwajua kwa harufu ya vyakula vyao tu. Mama alikaa peke yake mchana kutwa akitazama maegesho ya magari dirishani, na kwa kuwa hakuweza kuja kunichukua shuleni, kazi hiyo ikamwangukia Zuhura. Siku za mechi alinichukua getini, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja ukumbini, au kwenye basi dogo la chuo kama mechi ilikuwa ya ugenini. Njia nzima hatukusema neno.

Hilo ndilo lililotutisha. Zuhura hakulia. Hakulia hospitali, hakulia mazishini, hakulia siku tuliyofungasha nguo za Baba tukabakiza koti lile msumarini nyuma ya mlango. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa akiyeyuka mbele ya macho yetu. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka, mashavu yalibonyea, suruali aliifunga kwa kamba ya kiatu. Ukimuuliza, alijibu kwa Kiingereza, maana ndivyo tulivyokuwa sisi watoto wa kule, mama zetu wanasema Kiswahili nasi tunajibu kwa lugha ya shuleni: "I'm fine, Mum." Alisema yuko sawa kama mtu anayefunga mlango polepole ili usilie. Asubuhi za kawaida Mama alimwamsha kwa kumbembeleza, mara tatu, mara nne, na mara nyingine hakuamka kabisa. Siku za mechi tu aliamka mwenyewe.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Timu itakayoburura mkia kwenye kanda ingetolewa kwenye ligi, na chuo kilikuwa kimeshawaambia wasichana kwamba wakitolewa hakutakuwa na timu tena. Kwa hiyo kila mechi tuliyofungwa ilikuwa inakata kamba ile ile moja iliyokuwa ikimtoa dada yangu kitandani. Nasi tulifungwa. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu iliyokuja na wachezaji watano tu bila hata mmoja wa akiba. Kocha wetu, Miss Pauline, mama wa Kijamaika mwenye sauti ya kuvunja vioo, alikauka koo akimwelekeza Zuhura apeleke mpira upande wa pili, na Zuhura aliitikia kwa kichwa kisha akafanya yale yale. Mimi nilikaa karibu na mifuko yao nikiomba dua zote za madrasa nilizozijua, hata ya kuingilia chooni, kwa kuwa sikujua ya mpira wa kikapu ni ipi.

Tukirudi nyumbani Zuhura alipita moja kwa moja chumbani, na Mama alinikalisha jikoni. Hakuwahi kuona mechi hata moja maishani mwake. Zama za Baba alikuwa akisema ni mchezo wa watu warefu wasio na kazi. Siku ya kwanza aliniambia nimsimulie, nikashindwa, Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chakula tu. Basi akavuta sinia alilokuwa akichambulia maharage, akaniambia, "Haya, nipangie." Maharage mekundu yakawa wasichana wetu, kunde zikawa maadui, punje moja ya dengu ikawa refa, na kijiko kiliwekwa ukingoni kuonyesha mlango ulipo. Zuhura alikuwa harage moja jeupe lililochanganyika na wenzake dukani kwa bahati mbaya. Nilisukuma punje zile kwa kidole, mpira umetoka hapa, umefika hapa, huyu kaanguka, huyu kapiga. Mama hakuuliza nani kashinda. Macho yake yalifuata lile harage jeupe tu, na maswali yake yalikuwa ya jikoni: alikunywa maji? Aliegemea wapi alipochoka? Nani alikuwa karibu naye? Mechi baada ya mechi tulicheza ligi nzima pale mezani, na mara nyingi chai yake ilipoa hajaigusa.

Jioni moja, mvua ya mawe ikigonga kioo, tulikuwa tumefungwa vibaya ugenini na nilikuwa nikipanga kwa hasira. Mama alinishika mkono. "Mbona huyu mwanangu huku haji?" akauliza, akionyesha nusu ya sinia iliyokuwa upande wa kijiko. Nilitazama. Nusu ile ilikuwa ya maharage mekundu na kunde. Harage jeupe halikuwahi kukanyaga hapo, si siku hiyo wala siku yoyote niliyoikumbuka. Kumbe ndicho Miss Pauline alichokuwa akikipigia kelele, na ndicho maadui walichokwisha kukijua: msichana huyu hucheza nusu ya uwanja, mzibie nusu hiyo umemaliza kazi. "Kwa nini?" Mama akauliza. Nami nikamjibu bila hata kufikiri, "That's where Dad sat." Nilikuwa nimesema kwamba pale ndipo alipokuwa akikaa Baba. Mama alikitazama kile kijiko, kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Niliogopa sana, nilidhani nimeua mtu.

Tangu hapo alikuwa na nia moja, kwenda kukaa kiti kile. Alihesabu siku, na hesabu ilimpa moyo, kwani eda ingekwisha kabla ya mechi ya mwisho, mechi ya nyumbani, ya kufa na kupona, ambayo tukishinda tunabaki kwenye kanda na tukifungwa ndio basi. Halafu chuo kikatangaza kuwa paa la ukumbi litatengenezwa na mechi inawahishwa, ichezwe mchana katika wiki ya likizo fupi. Eda ilikuwa bado. Sijawahi kumwona mtu akizunguka jikoni namna ile, anashika sufuria anaiacha, anafungua bomba analifunga. Mwishowe alimpigia simu Bi Khadija, mwalimu wetu wa madrasa, nami nikasikia yote, kwa kuwa simu za Mama siku zote zilikuwa na sauti kubwa.

"Bi Khadija, nina haja ya kutoka."

"Haja gani, mwanangu? Umeishiwa? Unaumwa?"

"Haja ya mtoto. Huyu mkubwa. Ananipotea humu humu ndani."

"Haja ya mtoto ni haja," alisema Bi Khadija. "Nenda mchana, nenda na kilichokupeleka tu, na jua lisikuchwee njiani."

Siku yenyewe Zuhura alitangulia, hakujua kitu. Mama alivaa buibui juu ya nguo zake nyeupe, akafika mlangoni akakuta baridi ya kukata masikio, na makoti yake mwenyewe yote yalikuwa na harufu ya udi. Akachukua lile la msumarini. Lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Ndani ya basi alinishika mkono kwa nguvu na kutazama maduka kama mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege asubuhi hiyo, na mimi niliomba tusikutane na mtu anayetujua. Tulipoingia ukumbini mechi ilikuwa imeshaanza. Mama hakuniuliza kiti ni kipi. Alilijua lile sinia kuliko mimi, akaenda mbele, upande wa mlangoni, akakaa, koti hajalivua.

Zuhura hakutazama, maana alikuwa amejifundisha kutotazama. Robo ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, tukiwa nyuma kwa pointi chache tu, na mimi kucha zilikuwa zimekwisha nikawa natafuna kola ya sweta. Refa alikuwa amechelewa kuanza, mchezo ukawa unasimama kila mara, na Mama alikuwa na macho mawili, moja kwa Zuhura na moja kwenye madirisha ya juu ambako mwanga ulianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilijua lazima tuondoke. Naye alijua, alisogea ukingoni mwa kiti, akakaa tena. Katika robo ya nne mpira ulimponyoka msichana mmoja wetu ukabingirika upande wa mlangoni, na Zuhura, kwa ile tamaa ya kutoupoteza, akaufuata bila kuwaza. Aliuokota hatua mbili kutoka kwenye viatu vya Mama. Akainua kichwa, akaliona koti.

Hakutupa, hakudunda, hakutoa pasi. Wasichana walimpigia kelele, Miss Pauline alimpigia kelele, refa akapuliza filimbi kwa kuwa muda wa kuushika mpira ulipita. Zuhura aliuachia mpira ukaanguka wenyewe, akapiga magoti, akatia uso wake ndani ya koti lile, na kilio kilichomtoka sijawahi kukisikia tena. Aliita, "Baba, Baba, Baba," kwa Kiswahili, kama mtoto mdogo. Mama alimfunika kwa pande mbili za koti na kumshika kichwa. Miss Pauline alikuja, akatazama, akaingiza msichana mwingine badala yake. Mechi iliendelea mbele yetu, na tukafungwa.

Tulitoka kabla ya filimbi ya mwisho, watatu, tukikimbilia basi, jua likiwa limebaki wembamba wa kidole juu ya mapaa. Zuhura alilia njia nzima na watu ndani ya basi walitazama nje kwa adabu ile ya London. Tulipofika, Mama alivua koti akalirudisha msumarini, na Zuhura akakaa jikoni akasema, "Nina njaa." Alikula wali wa jana, baridi, kwa mikono, akiwa bado na jezi. Timu ilifutwa. Wasichana wawili hawakumsamehe, na siwalaumu, kwa sababu ilikuwa timu yao pia. Nao watu wetu walipopata habari walisema sana: mjane katoka eda kwenda kutazama mpira!

Siku hizi naweza kufuata ligi yoyote duniani kwa simu yangu, na kuna michoro inayoonyesha kila mchezaji alikokanyaga na alikokwepa, kwa rangi nyekundu na buluu. Zuhura ana watoto wawili, ni mnene, anacheka kwa sauti. Pale palipokuwa na ukumbi ule wamejenga fleti. Mimi naishi Rayners Lane, mwisho mwingine wa jiji, na mwaka jana nilipoteza mimba iliyokuwa imeshaanza kucheza tumboni. Mama alipopiga simu nilimwambia, "I'm fine, Mum," nikakata, nikarudi kulala sebuleni, kwa kuwa kile chumba kidogo tulichokwisha kukipaka rangi sikuweza hata kupita mbele yake. Kesho yake mchana kengele ililia. Alikuwa Mama, na magoti yake mabovu, amebadilisha treni mara mbili, amevaa lile koti la kijivu, sasa likiburuzika chini. Alinipita pale mlangoni, akaenda mpaka kile chumba kidogo, akaketi chini sakafuni, na akaningoja.