Hapana ya Muuza Majembe

Watu wakiniuliza nani alinipeleka India kusomea udaktari, nawajibu kwamba nilipelekwa na adabu. Wanacheka. Wanadhani nafanya utani, na mimi sina utani wa kumpa mtu.

Sisi ni watu wa mlimani, Masisi. Maharagwe, mihogo, kanisa Jumapili, basi. Shamba baba alilirithi kwa baba yake, lakini aliyelijua ni mama. Alijua wapi maji husimama baada ya mvua kubwa na wapi maharagwe hukauka kabla ya wakati, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba maoni juu ya jambo jingine lolote.

Nilipomaliza sekondari na kupata diploma yangu ya serikali, cheti cha mtihani wa mwisho, nilisema nataka kuwa daktari. Sikusema kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimemwona shangazi yangu akiteremshwa mlima kwenye kipoyi, kile kiti cha miti ambacho wanaume hubeba mabegani, uchungu wa kuzaa umemkamata tangu jana yake. Walimfikisha kituo cha afya. Aliyekuwepo pale ni mlinzi. Shangazi alirudi mlimani kwenye kipoyi kilekile, amefunikwa kitenge. Nilitaka kuwa mtu ambaye kipoyi kikifika, anamkuta. Sikutaka kitu kingine duniani, na hadi leo sijakitaka.

Ukoo ukakaa. Baba mkubwa alikuja kutoka Kashebere, anakoishi na kufanya biashara ya barabarani. Zamani, watu walipokuwa bado wanachimba madini kwa mikono kule Bisie, alikuwa akiwapelekea unga na maharagwe. Aliona huko watu wakilala maskini na kuamka na pikipiki, na tangu hapo hakuamini tena kitu chochote kinachokua polepole.

"Asome Goma," mama alisema kutoka mlangoni. "Akisoma Goma, hata njaa ikimukamata nitamufikishia maharagwe."

"Ba dokteri ba Goma beko bengi, na beko na njaa," baba mkubwa akamjibu. "Huyu atasomea inje. Akirudi, watu watapanga mustari."

Alikuwa ameshampata komisioneri mmoja mjini. Komisioneri kwetu ni mtu anayekutafutia nyumba ya kupanga au kiwanja cha kununua, naye anakula katikati. Huyu alikuwa ameacha viwanja na kuhamia vyuo. Alituonyesha kwenye simu picha ya jengo jeupe lenye maua mbele na vijana wenye makoti meupe. Chuo cha udaktari, India, bei nafuu kuliko vyote vya nje alivyovitaja. Hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Rahisi ni ghali, hata mtoto anayetumwa chumvi anajua.

Lakini simwiti baba yangu mjinga, na nisimsikie mtu akimwita hivyo. Baba alisema: hatuuzi shamba kwa sababu ya picha, kwanza tuulize. Na sisi tunajua kuuliza. Kijana akitaka kuoa ukoo wa mbali, hatuendi kichwa kichwa. Tunamtafuta mtu wa kwao anayeishi karibu nasi, tunakaa naye, tunamwuliza hao ni watu gani. Sasa nani kati yetu alimjua mtu wa India? Baba alimjua mmoja. Alikuwa Mhindi mwenye duka la majembe, mabati na turubai mjini Goma, ambaye baba alinunua kwake tangu mimi sijazaliwa, na ambaye hakuwahi kumwuzia jembe bovu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu atadhani tulirogwa. Kwetu, ukienda kuposa, watu wa upande wa binti hukukataa. Msemaji wao anasimama na kusema hapa hakuna binti. Ukisisitiza, anasema yupo mmoja lakini ni mvivu, hajui kupika bugali, mdomo wake ni mrefu, nendeni mkatafute nyumba nyingine. Nyinyi mnacheka, mnaongeza kreti ya soda, mnarudi siku nyingine na mbuzi. Binti mwenyewe yuko ndani, haruhusiwi kutoa sauti. Kadiri wanavyomponda ndivyo mnavyojua kwamba ni binti wa thamani. Aliye na binti mbovu ndiye anayekubali haraka. Mwishoni msemaji anainua mikono na kusema, basi, tumechoka nanyi, fanyeni mnavyotaka. Hapo wanawake wanapiga vigelegele.

Tulikwenda watatu: baba, baba mkubwa na mimi, na jogoo. Mhindi alituketisha nyuma ya duka, kati ya mabati, akaagiza chai. Baba akaeleza habari yote kwa heshima. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona jina la chuo, akalitazama kwa muda.

"Muzee," alimwambia baba, "usimupeleke mutoto kule. Ile koleji minaijua, iko karibu na kwetu. Hospitali yake iko tupu. Hakuna wagonjwa. Dokteri anajifunzia kwa mugonjwa, hajifunzii kwa jengo."

Baba mkubwa akaanza kutabasamu.

"Hata mimi," Mhindi aliendelea, "mutoto wangu nilimutoa India, nikamupeleka inchi ingine kusoma udokteri. Kwetu nafasi iko kidogo, na zenye kuwa muzuri zinauzwa bei ya kuua. Nilihangaika sana. Nilijifunza kuuliza maulizo tatu. Wagonjwa beko? Utasikia luga yao? Na ukirudi kwenu, ile diplome watakubali? Kwa ile koleji, jibu ni apana, apana, apana."

Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilimwona usoni. Mtu anayetania huwa anatazama wazee wenzake; huyu alikuwa anamtazama binti wa mwenzake anayetaka kutumbukia shimoni.

Tulipotoka nje baba mkubwa alimshika baba bega. "Umesikia? Anaficha chake. Hata mutoto wake anamuponda, eti alikosa nafasi! Muntu mwenye adabu kabisa."

Na baba, Mungu amsamehe, naye alikuwa ameridhika. Mhindi ambaye hakuwahi kumdanganya juu ya jembe alikuwa amesema ukweli mtupu, na baba aliusikia kama wimbo wa harusi.

Njiani nilisema. Ndiyo, nilisema. "Papa, ule muzee hakucheza. Alisema kweli." Baba mkubwa aligeuka akaniangalia kana kwamba kuku ameongea. Akasema siku ya kuposa binti hatoi sauti, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Walirudi tena Goma na mbuzi. Mimi sikuwepo, lakini baba alisimulia jioni ile akicheka, naye si mtu wa kucheka. Mhindi alikataa mbuzi. Alikasirika, akasema yeye si mtoto, kama wana shamba wakalilime, msichana asome hapahapa Goma, wagonjwa wamejaa tele na anawasikia wakilia. Baba mkubwa akambembeleza, akamwita shemeji. Mwishoni yule mzee aliinua mikono. "Fanyeni munavyotaka," akasema, akarudi dukani kwake kuuza mabati. Nyumbani kwetu wanawake wa ukoo walipiga vigelegele. Mama alikuwa anachambua maharagwe, na aliendelea kuchambua.

Shamba lilinunuliwa na tajiri mmoja wa mjini. Alizungushia waya na kuingiza ng'ombe. Maharagwe yalikuwa bado machanga, hakungoja.

Juu ya India sina mengi. Jengo lilikuwa jeupe kweli na maua yalikuwepo. Tulijifunza mwili wa binadamu kutoka vitabuni na kutoka kwa mwalimu aliyesoma vitabu hivyohivyo kwa sauti, kwa Kiingereza ambacho nilikuwa najifunza huku nikikisikiliza. Hospitali ya chuo ilikuwa na vitanda vilivyotandikwa vizuri sana, maana hakuna aliyevilalia. Wakaguzi walipotangaza kuja, wanavijiji waliletwa kwa basi, wakavalishwa nguo za wagonjwa, wakapewa chakula, wakalala. Niliwekwa pembeni ya kitanda cha bibi mmoja nikiwa na kifaa cha kusikilizia moyo. Bibi alikuwa na homa ya kweli. Ndiye mgonjwa wa kwanza niliyewahi kumgusa, na alikuja kwa sababu ya chakula. Aliniambia kitu kirefu kwa lugha yake, akinishika mkono, akirudia. Sikuelewa hata neno moja. Wakaguzi walipita, basi likawashwa injini, naye akapanda na homa yake.

Wanafunzi Wahindi waliokuwa na uwezo walihama. Wengine walikwenda nchi za nje kutafuta chuo cha bei ya wastani, kama mtoto wa muuza majembe. Mimi ningehamia wapi? Kwangu mimi, nchi ya nje ilikuwa ndiyo hiyohiyo. Nyumbani nilituma picha za koti jeupe. Baba mkubwa alizionyesha barabara nzima ya Kashebere.

Niliporudi, mama mmoja wa ofisi inayoandikisha madaktari alinipokea vizuri. Alikuwa mpole, na ningependa angekuwa mkali. Alinieleza kwamba chuo changu hakitambuliki, kwamba kama nataka, nianze upya katika chuo cha hapa nchini, miaka yote ya kujifunzia kwa wagonjwa. "Dada, hamukuuliza mbele ya kwenda?" Nikamwambia tuliuliza.

Nianze upya kwa nini? Kwa shamba lipi?

Kisha vita vikapanda mlima wetu, kama vinavyopanda, na kila mtu akateremka na godoro kichwani. Tukaishia Kashebere, kwenye chumba cha nyuma cha baba mkubwa. Hakuwahi kusema samahani. Siku moja tu aliniambia, "Ule Muhindi angesema wazi." Nilitoka nje, maana ningempiga. Wenzetu waliokimbia wanaulizana kila asubuhi habari za mashamba yao, nani ameonekana huko, nini kimechomwa, na hata wakilia wanalilia kitu kilichopo. Sisi tulikimbia bila kuacha kitu nyuma yetu. Mama husikiliza mazungumzo hayo na kuondoka.

Sasa nauza dawa kwenye duka dogo kando ya barabara. Paracetamol, dawa za minyoo, bandeji. Mwenye duka ananipenda kwa sababu nasoma maandishi madogo. Magari ya kwenda Walikale husimama, madereva huulizia dawa za kuwaondolea usingizi, ambazo siwauzii, na wananitukana. Vipoyi hupita pia. Bado vinapita. Vinakwenda moja kwa moja kituo cha afya, na mimi nasimama mlangoni navitazama, maana sina haki wala ujuzi wa kuvisimamisha.

Baba analima kwa watu. Anaamka, anashika jembe, anatafuta mwenye mihogo ya kupalilia. Na kila anapopita mbele ya duka na wenzake, anapaza sauti: "Dokteri! Umelala muzuri, Dokteri?" Kanisani ananitambulisha hivyo kwa wageni. Sokoni alimwita mwanamke aliyekuwa akitapika, akamwambia, "Kuja, mutoto wangu iko dokteri, atakuona," na mwanamke akaniangalia kwa macho yale ya shangazi. Nikamwelekeza kituo cha afya. Watu walicheka chinichini. Kashebere ni kijiji, kila mtu anajua.

Siku hiyo nilimfuata baba mpaka kwenye shamba alilokuwa akipalilia. Nilikuwa nimejaa hasira ya miaka yote, na nilitaka imwagike mahali.

"Papa, uache kuniita vile. Haiko kweli. Na batu banajua haiko kweli. Bananicheka, na wewe pia banakucheka."

Hakuinua kichwa. Alimaliza mstari aliokuwa nao, akasimama, akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Ninajua," alisema. "Ofisi ilikataa, ninajua. Siku ile ya Muhindi uliniambiaka mu njia, ile nayo minajua." Akaupangusa mpini. "Shamba ya baba yangu iliisha. Mama yako iko analimia batu. Kwa ile yote, nilinunuaka neno moja tu, sina ingine. Uniachie nalitumia, binti yangu."

Kisha akainama akaanza mstari mwingine.

Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya duka na wenzake, majembe mabegani. Akasimama, akaniita kwa sauti, "Dokteri!" Wote wakageuka kunitazama. Nikaitika.