Kabula Hakuwa Mlafi

Harufu ya matobolwa yakichemka na karanga hunirudisha Ngulyati, msimu wa palizi, kwa mdogo wangu Kabula na mashavu yake yaliyotuna. Matobolwa, kwa asiyeyajua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: hakuna kula mpaka palizi ya asubuhi iishe. Baba aliamini mtu aliyeshiba hashiki jembe, na sote tulivumilia, isipokuwa Kabula. Huyo alichota matobolwa ghalani akayatafuna njia nzima hadi shambani. Tulimwita mlafi, tena kwa kumwimbia, naye alicheka huku mdomo umejaa.

Asubuhi moja alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, chakula cha jioni hakukigusa, na Baba akampekua mfukoni na kumnyang'anya matobolwa yake. Hatukufika mbali kwenye matuta ya pamba. Kabula alikaa chini, akalegea kama nguo iliyoloa, macho wazi lakini hayaoni. Jirani yetu akasema ni mizimu ya upande wa mama, apelekwe kwa mganga, na asionje kitu mpaka apewe dawa. Baba akakubali, akaenda kutafuta baiskeli. Mayo, mama yetu, alikataa katakata. "Mwanangu wa kwanza alinifia hivihivi, ana njaa, tunamsubiri mganga," alisema. "Huyu hafi na njaa!" Akambeba hadi nyumbani, akampakata, akawa anampaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, maana nilimpenda mno yule mtoto. Baadaye Kabula akalamba midomo, akasema, "Mayo, nataka uji." Jamani! Sijawahi kufurahia neno uji kama siku ile. Baba aliporudi na baiskeli alimkuta anakunywa.

Kabula sasa ana duka lake mjini Bariadi, na ana mtoto wa kiume. Mtoto alipoanza kulegea vilevile kila akiugua, damu zao zilipelekwa mbali kupimwa. Daktari akatueleza kwamba mwilini kuna vimeng'enya, na kimoja kazi yake ni kunyofoa hidrojeni kwenye mafuta, ili tumbo likiwa tupu mwili upate nguvu kutoka kwenye akiba yake. Cha Kabula na mwanawe hakifanyi kazi sawasawa. Wakikaa na njaa sukari ya damu inakwisha, na mafuta wanayo lakini hayawasaidii. Tiba yao ni kula kwa wakati, na wakiugua kuwahi hospitali. Kabula akanigeukia palepale mbele ya daktari: "Haya, mlafi nani?"

Siku hizi watoto wa kwetu wanakunywa uji kwanza, ndipo waende shamba au shule. Ile sheria ya zamani hakuna anayeikumbuka, isipokuwa Baba mwenyewe. Ni mzee sasa, jembe limemshinda. Kila asubuhi, kabla hata ya kutusalimia kwa mwangaluka, anapiga simu mjini: "Mtoto amekula?" Simu isipopokelewa, anatafuta baiskeli.