Jumamosi za Kusafisha Ziwa la Babu

Enzi zetu za utoto kule Temeke, minazi ikiwa mingi kuliko nyumba na Mwingereza bado anatutawala, tulikuwa na ziwa. Vijana wa leo wangeliita dimbwi, lakini hao hata kuogelea wanajifunzia kwenye simu. Ukoo wetu ulivua kambare humo tangu enzi za baba yake babu, na watoto wetu wote waliogeshwa kwa maji yake siku ya arobaini.

Babu yangu mzaa mama, Mwalimu Kibwana, alikuwa amestaafu, ila mdomo wake ulikuwa haujapata habari. Bwana afya, Mwingereza, aliposema ziwa lina mbu na lisiposafishwa litafukiwa, babu alitangaza kazi ya kujitolea kila Jumamosi asubuhi. Aligonga kipande cha reli, akaita majina daftarini, na wazee wenye ndevu wakajibu, "Nipo!" Aliyechelewa alipigishwa magoti. Mume wa shangazi alipiga magoti mbele ya wake zake wawili, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Wiki ya tatu wanaume wote wakaumwa migongo. Vitumbua vya bibi walikuja kula, migongo ikaanza baadaye. Tukabaki babu, bibi na sie wajukuu, tunang'oa matete tope likitufika magotini.

Bwana afya akarudi na lori la kifusi. Babu akavaa koti lake la shule, akamsomea barua ndefu ya Kiingereza. Bwana afya akasema, "Asante, mwalimu," kisha akaamuru kifusi kishushwe. Babu akaanza kuisoma barua upya, kwa sauti ya chini. Niliogopa, maana sikuwahi kumwona hivyo.

Ndipo akaja jirani yetu Mzee Mihayo, Mnyamwezi, mtani wetu sie Wazaramo. Babu aliudharau utani, hasa ile desturi ya watani kuingia kaburini msibani na kukataa kutoka mpaka wapewe kitu. Mihayo akaingia majini na kanzu yake, akaketi.

"Huyu hazikwi! Wazaramo, leteni jogoo kwanza!"

Wapakuzi wa lori, Wanyamwezi watupu, wakatupa makoleo na kumfuata, wakicheka.

"Mwalimu, waambie watoke!" bwana afya alifoka.

"Siwezi, bwana. Ndiyo desturi yao. Na jogoo mie sina."

Alikuwa na majogoo watano, wote wakiwika nyuma ya nyumba. Jua likawa kali, bwana afya akachoka, lori likaondoka na kifusi chake.

Leo ziwa halipo, na si Mwingereza aliyelifukia. Babu alipofariki, sie wajukuu, wasomi watupu, tuligawana viwanja. Vijana nawacheka kwa mengi, lakini barua ya kuomba kifusi niliiandika mie, na mpaka leo inaniuma. Siku malori yalipokuja nilisimama ukingoni, nikatazama huku na huku kama kuna mtu atakayeingia majini. Majirani walikuwepo wengi. Walikuja kuuliza bei ya kiwanja.