Farasi Aliyebeba Radi

Nilipokuwa mtoto kwetu Seme, mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa, kila mtu alikimbia kuanua nguo nyekundu. Radi hupenda rangi hiyo, walisema. Nami shangazi akaniletea sweta ya mtumba kutoka soko la Kondele: nyekundu, na kifuani farasi mweupe mwenye mabawa.

Mwalimu wetu alimtambua mara moja. Wagiriki wa kale, alisema, walimwita Pegasi, na kazi yake ilikuwa kumbebea radi mfalme wa miungu yao. Nilikimbia kumsimulia Dani, nyanya yangu aliyenilea. Aliacha kuchambua omena, dagaa wa ziwani.

"Kwa hivyo mwenye kubeba radi ndiye umevaa kifuani?"

"Ni hadithi tu, Dani."

"Mawingu yakikuja, toa hiyo kitu. Umesikia?"

Alasiri moja nilikuwa malishoni na mbuzi. Upepo uligeuka ghafla, giza likashuka, mvua ya baridi ikanichapa. Nilijibanza chini ya mkuyu, sweta mwilini, nikitetemeka kila anga lilipopasuka. Ndipo nikamwona Dani anakuja mbio, yeye ambaye goti lake lilikuwa limemzuia hata kwenda kisimani.

"Toa! Toa hiyo kitu!"

Aliivuta kichwani mwangu mpaka masikio yakaniuma.

"Kimbia nyumbani, nyathina, mwanangu. Usiningoje."

Nilikimbia. Nilipogeuka, hakuwa nyuma yangu. Alikuwa akichechemea upande mwingine, kwenye uwanja mtupu, sweta ameinyanyua juu kwa mkono mmoja.

Kisha mwanga mweupe, na ardhi ikaruka. Mkuyu ulipasuka katikati. Nilipiga kelele, lakini sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Moshi ulipopungua, nilimwona akinyanyuka kutoka kwenye matope.

Jioni, tukiota moto, nilimuuliza, "Dani, mbona hukuitupa tu?"

"Ningeitupa, radi ingekufuata. Ilikuwa imeshakujua."

Sasa nina watoto, na nimewafundisha kwamba radi haichagui rangi. Kwamba hatari siku ile ilikuwa mti. Wao hucheka nikifika kwenye habari ya sweta. Mimi sicheki. Dani hakujua mambo ya mti. Aliamini kabisa kwamba atakayeshika sweta ile ndiye atakayepigwa, na akaishika.