Siku Naliaka Alipohesabu Baba Zake

Enzi zetu, Kitengela ilikuwa na pundamilia wengi kuliko wapangaji. Asubuhi tukitaka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, ilibidi kwanza tuwafukuze uwanjani. Watoto wa siku hizi wakiona pundamilia wanatoa simu, eti wapige picha. Sisi tulirusha mawe, mchezo ukaendelea. Jioni ni ugali na mboga ya mrenda, vumbi limefika magotini, na Mama anasema, "Mwenye miguu michafu atalala na kuku." Kuku tulikuwa nao jikoni, kwa hivyo tulinawa.

Mama alikuwa mwalimu, mtu wa Bungoma. Baba alikuwa ng'ambo. Alienda kusoma wakati Naliaka, dada yangu mdogo, alikuwa bado tumboni, akaishia kuwa askari wa nchi ya watu. Wakampeleka vitani jangwani, akatoka huko anachechemea. Alipostaafu akaambiwa yuko na haki ya kuita familia yake. Wacha! Mtaa mzima ulijua tunaenda. Mimi na Nafula tukaanza kuongea kwa mapua, na yule mama Mmaasai wa maziwa akitusalimu "Sopa" tunamjibu "Helo". Mama alitunyoosha kwa hiyo.

Nafula alikuwa binti wa marehemu kaka yake Baba. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na Mama akamnyonyesha pamoja na mimi. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yako, kwisha maneno. Neno binamu tulilisoma tu kwenye kitabu cha Kiswahili.

Siku ya mahojiano ubalozini tulipakwa mafuta mpaka tukang'aa. Afisa, mzungu mpole, alimuuliza Naliaka tuko wangapi nyumbani. Naliaka akahesabu na vidole vyake, vikaisha, akaomba vyangu. Aliwataja wote, hadi wa Bungoma. Na baba je? Akajibu bila wasiwasi kwamba tuko na watatu: mmoja askari, mmoja anauza mahindi, na baba mdogo, huyo bado yuko shule ya upili. Afisa akaweka kalamu chini.

Mama alieleza mpaka akatoka jasho kwamba kwetu ndugu za baba nao ni baba. Afisa alielewa, tena alicheka sana. Kisha akauliza kati yetu watatu tuliosimama pale, ni nani amezaliwa na huyo askari. Sheria ilikuwa na nafasi yangu na ya Naliaka. Ya Nafula haikuwepo.

Mama alimvuta Nafula karibu. Halafu akasema, "Huyu nimemnyonyesha mimi. Kama haendi, hatuendi."

Njia nzima Nafula alilia akituomba twende tu, yeye ataishi na nyanya Bungoma. Jioni Mama alimpigia Baba kwa simu ya jamii, sisi tumemzunguka. Ndege niliitaka, nisiwadanganye, niliitaka sana, na bado nilikuwa naomba Mungu Mama asibadilishe nia. Baba alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Basi," akasema, "nitakuja mimi."

Alikuja na fimbo na begi la chokoleti zilizoyeyushwa na jua la Kajiado. Naliaka alimwinamishia kichwa aguswe, vile watoto wa Kimaasai huamkia wazee. Maskini Baba hakujua cha kufanya, akakipapasa na kukigongagonga kama anachagua tikiti maji sokoni. Tulicheka tukalia. Kisha akauliza Nafula ni yupi, akamshika mkono, akaingia naye nyumbani mbele yetu sote.

Leo Baba na Mama ni wazee, wanafuga kuku Isinya. Nafula analima vitunguu Kimana, Naliaka ameolewa Entarara, na mimi niko hapa hapa Kitengela, katikati ya maghorofa. Tuko na kikundi cha familia kwenye simu. Tunatumiana mioyo na picha za maua, na watoto wetu wanajuana kwa picha tu. Zamani bahari nzima ilikuwa katikati na tulikataa kuachana. Sasa ni barabara ya lami tu, hakuna afisa wa kutuzuia, na kila mtu yuko bize. Inaniuma, na najua inawauma wao pia.

Krismasi iliyopita Baba alichinja kuku wawili, akaandaa sahani zetu zote mezani, akala na Mama peke yao.