Rota Kwenye Pindo la Mtandio

Iko siku moja, mwanangu, hunirudia kila nisikiapo boneti ya gari ikifunguliwa. Leo asubuhi umeifungua ile Landrova ya babu yako hapo uani, ukachungulia ndani ya distributa, kisha ukapaza sauti ukaniita bibi kwa Kisomali, ukauliza, "Ayeeyo, rota iko wapi?" Nilikuwa na kikombe changu cha chai mkononi, nikakiweka chini. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mtu mwingine, kabla hata mama yako hajazaliwa. Basi acha spana zako kidogo, uje ukae hapa mkekani. Gari limesimama miaka yote hii, halitakimbia leo.

Nakusemesha Kiswahili kwa kuwa Kisomali chako umekiacha Nairobi, na mimi Kiswahili nilikiokota kwa kuwauzia chai madereva na askari wa bara. Nikiteleza, meza tu, usicheke. Bibi wa umri wangu hachekwi, huombewa dua.

Umeniambia umenunua kifaa kipya cha umeme cha kuwekwa mahali pa zile pointi za zamani, vile vyuma viwili vidogo vya ndani ya distributa, na kwamba pointi zenyewe ni takataka za kutupwa. Wallahi neno hilo limenichoma. Si kwamba nakukataza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi pia nilikuwa kijana nikapenda vipya. Lakini mtu hatupi kitu kabla hajajua kimewafanyia nini watu wa nyumba hii.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, uhuru ukiwa bado mbichi. Sisi wenyewe tuliuita wakati ule Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa, maana kila kitu kilisimama, kuanzia ngamia na magari hadi harusi. Huku Garissa, kunakoitwa Waberi sasa, kulikuwa na nyumba chache na miiba mingi. Mtu hakutoka mjini bila kibali, na jua likizama kila mmoja alikuwa ndani kwake. Vijana wengine walikuwa wameingia porini kupigana na serikali, hao ndio walioitwa shifta, askari wakaja kuwatafuta, nasi tukabaki katikati. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi.

Mimi nilikuwa mke mpya. Babu yako Abdi alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mifugo, na Landrova hiyo hiyo, kabla hajaja kuinunua, ililala uani kwetu. Gari wakati ule lilikuwa amana ya kutisha. Likiibiwa likaonekana porini, dereva wake alihesabiwa kuwa mmoja wao, na sijui nani angesikiliza maelezo yake. Kwa hiyo madereva walijiwekea desturi. Gari likishaegeshwa, kofia ya distributa inafunguliwa na rota inatolewa, kile kidude cheusi kinachozunguka na kugawa moto kwa kila plagi. Bila hicho, hata uwe na ufunguo, unasukuma chuma tu. Babu yako hakukiweka mfukoni kwake, maana mifuko ya wanaume ilipekuliwa kila kona. Alinipa mimi. Nikakifunga kwenye pindo la mtandio wangu, fundo gumu, nikaenda nacho mtoni kuteka maji, nikapika nacho, nikaswali nacho.

Asubuhi nilipomrudishia alinionyesha kazi yake. Nilimpenda sana asubuhi hizo, sitakuficha. Alipuliza vumbi, akasugua pointi kwa ubavu wa kiberiti mpaka zikang'aa, kisha akapima nafasi kati yake kwa kipande cha boksi la majani ya chai. Akaniambia niangalie vizuri. Zikigusana tu bila kuachana, koili inaungua. Zikiachana mno, moto unakuwa dhaifu na gari linakohoa. Cheche hutoka pale zinapoachana, na kipimo chake ni unene wa kile kipande cha boksi. Nikamwambia hiyo ni ndoa anaisimulia, si gari. Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka mchangani, tukaitafuta wote wawili kwa magoti.

Taniboi wake, yaani msaidizi wake garini, alikuwa Dahir, ndugu yangu anifuataye kuzaliwa. Dahir nilimbeba mgongoni kwetu Sangailu kabla hajajua kutambaa. Babu yako alimfundisha kubadilisha gurudumu, kusafisha pointi, kusikiliza injini. Halafu siku moja Dahir hakuja kazini. Hatukuuliza, kwa sababu siku zile ukimwuliza mtu aliko kijana wake ulikuwa unamtafutia matatizo. Nilijua yuko porini na nililia kwa siri, na miezi ikapita.

Akatokea alasiri moja, wanaume wote wakiwa msikitini. Nilimwona kwanza uani, boneti imefunguliwa, ameinama ndani. Akainua kichwa, akaniona mlangoni. Amekonda, midomo imepasuka kwa jua, na bado ana kile kichogo chake cha utotoni. Hakunisalimu hata, aliniita tu dada kwa lugha yetu. Akaniuliza, "Abaayo, rota iko wapi?"

Nilimvuta ndani. Akaanza kunieleza mbio mbio kwamba mama yetu amezidiwa kule Sangailu, hali chakula, anataka aletwe hospitali hapa Garissa kabla hajafa, na yeye anajua njia za wafugaji ambazo askari hawazijui. Mwanangu, nikwambie nini? Alinitajia mama. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika pindo la mtandio, kucha zinafungua fundo, na sikuwa nimeuliza hata swali moja.

Pembeni alikaa mama mkwe wangu, Mama Mumina, akisuka mkeka. Alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno machache, na mimi, nisamehe Mungu, nilikuwa nikimwona mkali bure. Hakuacha kusuka. Alimkaribisha Dahir kwa upole kabisa, akaniambia nimwekee chai na maziwa. Kisha akamwambia kwamba mama yake ni mama yetu sote. Abdi atarudi swala ikiisha, ataomba kibali, na tutakwenda wote siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe, mzee kama alivyo, atakaa nyuma ampakate mgonjwa kichwa njia nzima.

Dahir aliinamisha kichwa. Alitazama viatu vyake. Mtu ambaye mama yake anakufa, akiahidiwa gari na dereva, huruka kwa shukrani, naye alitazama viatu vyake tu. Hapo nikaelewa. Gari lilitakiwa porini, na mama alikuwa chambo.

Hasira iliyonipanda siwezi kuipimia maneno. Angemfungisha mume wangu jela, au pengine angemwulisha, kwa jina la mama yetu! Nikainuka niende mlangoni nimwite askari. Walikuwa na kizuizi chao pale barabarani, sauti ingewafikia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Mama Mumina alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kama kizee kile kina nguvu zile. Akasema taratibu, Dahir akisikia:

"Kaltuma, mara ya kwanza ulitaka kumpa bila kuuliza. Sasa unataka kumwua bila kuuliza. Kati ya moyo wako na mkono wako hakuna nafasi hata ya karatasi. Utaungua, binti yangu, na utatuunguza sote."

Nikaketi. Akaendelea kunikanya, wala hakunionea haya mbele ya ndugu yangu. Kumkatalia mtu umpendaye, akasema, si kumchukia, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini neno ulilomtupia askari huwezi kulikimbilia ukalirudisha, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kisha akamgeukia Dahir. Akamwambia gari halitatoka, ila chai yake inapoa, na mlango wa nyumba ile haujafungwa kwake, si leo wala siku nyingine.

Dahir akanywa. Alikunywa kwa pupa, chai ikamwagikia kikoi. Mama Mumina akamfungia tende kwenye kitambaa. Alipofika mlango wa nyuma alisimama bila kugeuka, akasema, "Abaayo, mama ni mzima." Akaenda zake. Nililia mpaka nikakosa pumzi, na sijui hata leo kama nililia kwa uchungu au kwa faraja.

Babu yako aliporudi nilimweleza yote. Nilimtazamia afoke. Aliniuliza tu kama Dahir alikula chochote.

Vita viliisha, kama vinavyoisha vyote, vikiacha makaburi. Asubuhi moja babu yako alikuwa ameinama kwenye injini kama kawaida yake, na kivuli cha mtu kikaanguka juu ya distributa. Alikuwa Dahir. Nilikuwa jikoni, nikaona kwa dirisha, sikuthubutu kutoka. Babu yako hakumkumbatia wala hakumwuliza alikokuwa. Alimrushia tambara na kiberiti, akamwambia pointi zimejaa vumbi, azisafishe. Dahir akaanza kuzisugua huku machozi yakimtiririka, na babu yako akajifanya anatazama tairi. Huyo ndiye mjomba wa mama yako, aliyekuja kufuga ngamia Eldas mpaka uzee wake, ambaye kila akija mjini jambo la kwanza alilofanya ni kufungua boneti ya gari letu. Ningempa rota siku ile, nisingekuwa na mume. Ningeita askari, nisingekuwa na ndugu. Nilibaki na wote wawili, na sababu ni kwamba kizee kimoja kilinishika mkono kwa dakika chache.

Basi sikiliza, mwanangu, na wewe mwingine yeyote unayesikia. Dunia yenu ina haraka. Mtu anatumiwa neno kwenye simu, na kabla hajalimaliza kulisoma amekwisha kulijibu, ametukana, ametoa siri, ametoa fedha. Usiwe hivyo. Ukitajiwa jina la mama, uliza. Ukipandwa na hasira, keti, hata kama magoti hayataki. Usimpe mtu kila anachotaka kwa kuwa unampenda, wala usimwangamize kwa kuwa amekukosea. Acha nafasi, si pana mno hadi moyo upoe ukafa, ni unene wa kipande cha boksi la chai. Na mkatalie mtu gari ukitaka, ila chai mpe, maana ipo siku atatafuta mlango wa kurudia.

Na kifaa chako kiweke. Nimekuelewa, hakigusani na kitu wala hakili vumbi. Lakini kitu kisichokohoa hakikuonyi kabla hakijafa, na kikifia njiani utakifanya nini? Usiache mbachao kwa msala upitao. Zile pointi zifunge kwenye kitambaa uziweke chini ya kiti, pamoja na kiberiti.

Umesema rota haitupwi pamoja na pointi, hata kifaa kipya kinaihitaji. Nimefurahi kuliko unavyojua. Jioni ile ya mwisho babu yako alipoegesha gari, vita vikiwa vimesahaulika zamani, bado aliitoa akaniletea, na mimi nikaifunga kama siku zote. Asubuhi yake hakuamka kuidai. Tangu hapo nimebadilisha mitandio mingi, na kila mara fundo nimelihamisha.

Nyoosha mkono. Polepole, fundo hili limekaza na vidole vyangu si vile. Haya, shika. Mungu akupe moyo mwepesi wa kupenda na mkono mzito wa kudhuru, akutoe salama na akurudishe salama, na ndugu yako akipotea, akukute nyumbani siku atakaporudi. Sema amina, kisha nenda ukaliwashe, nisikie.