Kikombe Ambacho Mama Alimnyima Ndugu Yake

Mwanangu, ipo asubuhi moja inayonijia sana tangu tumzike mama yangu. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara binafsi zilipoanza kuruhusiwa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona ya Dodoma, na wagonjwa waliozoea kuja kwetu, mtaa wa Kikuyu, kunywa dawa ya magoti ya mama walianza kupungua. Walisema mizizi ni ya washamba.

Ndipo daktari mmoja kijana akaja kuomba dawa hiyo ipimwe hospitali. Alimweleza mama wazi: wagonjwa wanaokubali watagawanywa makundi mawili. Kundi moja litakunywa mzizi, jingine maji machungu ya rangi ileile, na hakuna mgonjwa atakayejua amepewa nini. Mpaka kipimo kiishe, hakuna kunywa dawa nyingine.

Mama akauliza, "Na isiposhinda?"

"Bibi, nitakuja kukwambia mwenyewe."

Akakubali. Nadhani alilipenda jibu hilo.

Mdogo wake, mama mdogo Matika, naye alijiandikisha. Wiki zikapita, magoti yake yakabaki vilevile. Asubuhi hiyo akaingia uani kwetu akichechemea, nami nikitwanga mizizi.

"Dada, mimi nimepewa maji. Hata mbuzi angejua! Nipe kikombe kimoja cha ile yenyewe."

"Subiri wamalize."

"Nisubiri mpaka nife?"

"Magoti hayaui, Matika. Ulimi wako ungekuwa unaua, ukoo mzima tungeshazikwa."

Sikuthubutu kucheka. Katika ukoo wetu, mganga hamnyimi dawa ndugu wa tumbo moja, hata wakiwa wamegombana. Mama mdogo aliitaja desturi hiyo kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwonea huruma, nikanong'ona, "Mama, mpe tu. Nani atajua?"

Mama akanigeukia. "Mimi nitajua. Nikimpa, kipimo kimeharibika. Hata wakiniambia imeshinda, nitaamini vipi?"

Mama mdogo aliondoka akilia. Mama hakula chochote siku ile.

Daktari alipokuja na majibu, alimwamkia mama kabla hajafika mlangoni. "Shikamoo bibi! Imeshinda!" Waliokunywa mzizi walipata nafuu kuliko wale wa maji. Si wote, mwanangu, nisikudanganye, lakini tofauti ilionekana wazi. Mama alipiga vigelegele, yeye aliyekuwa mpole hata harusini.

Kumbe mama mdogo alikuwa amepewa maji kweli. Mama akambebea dawa mwenyewe mpaka nyumbani kwake, Area D.

"Nilisema ni maji!"

"Ulisema. Sasa kunywa."

Alikunywa, na baada ya muda akaja kwetu kwa miguu, akiimba njia nzima ili wale majirani wamwone anavyotembea. Wagonjwa wakarudi, na safari hii hata wenye vidonge mfukoni walikuja.

Mwanangu, ukiwa na kitu chako unachokiamini, kiache kipimwe, wala usikisaidie kwa siri, hata anayekuomba akiwa ndugu yako na machozi yanamtoka. Kikishindwa, sema kimeshindwa. Kikishinda, shangilia bila aibu, maana ushindi huo hakuna atakayekunyang'anya.

Mungu akupe moyo wa kusubiri majibu, na siku yakija, akujalie uwe na haki ya kuyafurahia.